Mhakiki wangu kahesabu mizani kwa macho

Kuna binti kaandika tasnifu nzima ya uzamili juu ya kadiwani kangu ka mashairi. Nasema kadiwani maana kenyewe kembamba, nilikachapisha kwa hela yangu mwenyewe kabla sijaondoka Dodoma, nakala nyingine nikagawa kwenye harusi za watu, nyingine nikamwachia jamaa anayeuza vitabu vya mitumba karibu na soko la Majengo na mpaka leo sijamuuliza ameuza ngapi, maana jibu nalijua. Sasa kumbe moja ya hizo nakala ikamwangukia mwanafunzi, akaipenda, au msimamizi wake ndiye aliyeipenda, sijui, ikazaliwa tasnifu ya sura tano, ina usuli wa tatizo, ina tamko la tatizo, ina pengo la utafiti. Mimi nimekuwa tatizo la utafiti! Mpwa wangu ndiye aliyenitumia hiyo pidiefu WhatsApp, chini yake kaandika "Anko umekuwa mtihani".

Mimi naishi Leipzig, Ujerumani, napanga vifurushi usiku uwanja wa ndege. Sasa hivi niko likizo nyumbani Dodoma ndio maana napata nafasi ya kuandika. Ile tasnifu niliisoma kule kazini kwenye chumba cha mapumziko, mkono mmoja simu mkono mwingine mkate, nje baridi ya Januari ambayo sitaieleza maana kila Mtanzania aliyeko kule anaieleza. Mwenzangu mmoja wa zamu, Mpolandi, akaniuliza nacheka nini, nikamwambia kuna mtu kwetu kaandika kitabu kuhusu kitabu changu, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia halafu akauliza, sasa huku unafanya nini? Nikakosa jibu nikala mkate. Ila kusoma uhakiki wako ukiwa mbali kuna shida yake, huna wa kumwonyesha. Ukiwa Dodoma unadandia bodaboda unaenda kwa mtu unamwambia hebu soma hapa, huyu ananionea au haniONEI? Kule unabaki na simu yako, unarudia aya ileile mpaka chaji inaisha, na kadiri unavyorudia ndivyo hasira inavyopanda kwa sentensi ambayo asubuhi wala hutaikumbuka.

Kilichonichekesha ni ile sehemu ya kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Mliosoma sekondari Tanzania mnaijua hiyo. Form three, form four, kila riwaya, kila tamthiliya, kila diwani, mwisho lazima useme mwandishi amefaulu kimaudhui hivi na hivi, kifani hivi na hivi, halafu hapa na hapa hakufaulu. Na mwalimu anataka hoja za kutofaulu hata kama huna, kwahiyo tulikuwa tunazibuni. Watu wazima na heshima zao, malenga, sisi watoto wenye kaptula tunawaandikia "mwandishi ametumia lugha ngumu", basi, maksi umepata. Leo na mimi nimo humo. Mshairi amefaulu kwa kiasi kikubwa. Kikubwa kiasi gani? Nusu gunia?

Lakini binti kasoma, hilo simnyimi. Kuna kitu kakiona ambacho mimi mwenye mali nilikuwa sijawahi kukiona, kwamba kwenye tarbia zangu nyingi, yale mashairi ya mishororo minne kila ubeti, habari yenyewe huwa inakaa mshororo wa tatu. Wa kwanza na wa pili natandika, wa tatu natupa jiwe, wa nne najifanya sio mimi niliyetupa. Nikaenda kuangalia shairi moja moja, aisee ni kweli. Tangu siku ile nikitunga nikafika mshororo wa tatu nasita, nasikia kuna mtu kasimama nyuma yangu na kalamu nyekundu.

Kasheshe ni sura ya nne, dhamira ya ughaibuni. Hapo binti kaacha kusoma mashairi kaanza kusoma anwani yangu. Kapata habari kwamba niko Ujerumani, sijui kwa nani, basi kila kitu kikageuka Ujerumani. Vumbi likawa upweke wa mgeni, kiangazi kikawa ukavu wa utu huko ng'ambo, na mama anayeota moto jikoni eti ndio joto la nyumbani analolikumbuka mshairi kwenye theluji. Ubeti uliopata tabu kuliko yote ni huu:

Mbuyu hauna jani, babu kauegemea,
Vumbi latoka njiani, ng'ombe wanaporejea,
Ahesabu kwa makini, mmoja amepotea,
Mvua i mbali angani, na fimbo yamlemea.

Kwa mujibu wa sura ya nne, ng'ombe aliyepotea ni mimi niliyepotelea Ulaya. Babu ni taifa linalowasubiri wataalamu wake. Fimbo ni mzigo wa ukoloni mamboleo. Mvua ni maendeleo. Mbuyu sijui aliusahau, haujapewa kazi.

Sasa huu ubeti niliutunga hapahapa Dodoma, sina pasipoti, sina hata wazo la pasipoti. Na mvua kuwa mbali Dodoma wala haihitaji nadharia. Sisi mvua yetu ni msimu mmoja tu, inaanza kama Desemba inaishia Aprili, na mwaka wa kawaida ukijumlisha yote unapata milimita 500 na kitu mpaka 600 hivi, baada ya hapo ni bluu tupu juu, mibuyu inamwaga majani ili isipoteze maji inabaki matawi matupu. Mtu aliyekaa Hombolo au Chamwino mwezi wa kumi, upepo unavuma mchana kutwa, vumbi linaingia mpaka kwenye kopo la sukari lililofunikwa, huyo ukimwambia mvua i mbali anajua umesema nini, atakuuliza tu kwenu kule vipi, mmeona mawingu? Na binti mwenyewe kwao Manyoni! Sio mtu wa kuelezwa habari ya kiangazi. Ndio maana niliumia, maana angekuwa Mjerumani ningesema haya, hajui.

Sisemi mtu asione zaidi ya ng'ombe kwenye ng'ombe. Aone tu. Ninachogombea ni kalenda. Pale Leipzig ninapoishi ndipo alipofundisha Kiswahili miaka mingi mzee Abdilatif Abdalla, mshairi wa Kenya, na ile diwani yake Sauti ya Dhiki iliyotoka 1973 aliitungia jela, alipofungwa Kenya kati ya 1969 na 1972. Ulaya alikwenda baadaye kabisa. Sasa atokee mtu leo, anachojua ni kwamba mzee aliishi Ulaya, aisome ile dhiki yote ya selo aseme hii ni dhiki ya ugenini, si tutamshika bega tumkalishe chini? Mimi sijifananishi na mzee yule, nani awe na uso huo, nasema tu kanuni ni ileile kwa mkubwa na kwa mdogo, kwanza uliza shairi limezaliwa lini ndio ulipe kabila.

Hayo yote lakini ningemeza. Kilichonikaba ni sura ya tatu, ukurasa wa fani, pale aliposema mshororo wa kwanza wa ubeti huohuo una mizani 15, umepungukiwa, kwahiyo ubeti ni guni.

Guni! Mimi!

Kwa asiyefuatilia mambo haya, tarbia ni mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane nusu ya kwanza, ndio ukwapi, nane nusu ya pili, ndio utao, na mizani ni silabi, hakuna uchawi hapo. Ukipungukiwa au ukizidisha, au vina, zile silabi zinazofanana katikati na mwisho wa mishororo, vikapishana, wazee wanakwambia hilo guni, kwa sauti ileile wanayosemea ugali mbichi. Binti kahesabu "mbuyu" mizani mbili, mbu-yu, kama mbuzi. Mbuzi ni mbili kweli, mbu-zi, mmoja mbuzi wengi mbuzi, hiyo m haina pa kwenda, imegandana na b. Lakini mbuyu ni m-bu-yu, mmoja mbuyu mingi mibuyu, ile m ni ya m-ti na m-koma, inasimama kwa miguu yake. Tatu. Hesabu tena: m-bu-yu-ha-u-na-ja-ni, nane. Halafu ajabu ni kwamba mshororo wa nne "yamlemea" kaihesabu sawasawa, ile m kaipa mizani yake bila shida, kwa sababu m na l hazipatani hata ukiangalia tu unaona zimetengana. Kwa mbuyu jicho limemdanganya. Ndio nikajua huyu kahesabu kwa macho, hakutamka, achilia mbali kuimba.

Na utakuta ukurasa mwingine, kwenye yale mashairi yangu matatu manne ambayo hayana vina wala nini, ananipongeza nimevunja minyororo ya arudhi, yaani hizo sheria za vina na mizani. Yaani huku nimevunja minyororo napewa maua, huku inadaiwa nimedondosha pete moja ya mnyororo nawekwa ndani. Ule ugomvi wa zamani bado uko hai kumbe. Sheikh Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, miaka ishirini baadaye Kezilahabi akaja na diwani ya mashairi huru, 1974, watu wakagawana, wengine wakasema hayo sio mashairi kabisa, wengine wakasema vina na mizani ni vazi tu sio mwili. Walirushiana maneno makali ila kila upande ulijua uko wapi. Wanafunzi wa sasa wamezirithi kambi zote mbili kwa pamoja, wanatumia rula ya huyu ukurasa wa 60 na nyundo ya yule ukurasa wa 80, na nadharia mbili tatu juu yake kama pilipili.

Basi likizo ilipofika nikaja. Dar mpaka Dodoma siku hizi unapanda treni ya umeme, tangu 2024, saa tatu na ushee umefika, zamani hapo ungekuwa bado unapambana na malori Chalinze. Nilikuwa nimeprinti ile sura ya tatu na ya nne kwenye steshenari moja Kariakoo, yule dada wa mashine akasoma kichwa akasema "hongera kaka kwa kumaliza chuo", sikumsahihisha.

Nikaenda Ihumwa kwa mwalimu mmoja mstaafu, kijijini wote tunamwita Mwalimu tu. Alifundisha shule za msingi enzi za ngonjera, zile ambazo mgeni rasmi akija watoto wanasimama mistari miwili, huyu mjinga huyu mwerevu, wanabishana kwa beti mpaka mjinga anakubali yaishe. Na sio bahati mbaya kwamba niliamua kwenda Ihumwa. Mathias Mnyampala, anayetajwa kuwa ndiye mwasisi wa hizo ngonjera, alizaliwa hukohuko Ihumwa mwaka 1917, Mgogo kama sisi, akafariki 1969. Watu wanapenda kusema tarbia ni mali ya pwani, sawa, asili yake huko, lakini ngonjera zilizoimbwa nchi nzima baada ya Azimio la Arusha zilitoka kwenye kichwa cha mtu aliyekulia kwenye vumbi hili. Mwalimu analijua hilo na hakuachi uondoke bila kulisikia. Ndio maana neno guni kwetu linauma, ni sawa na kumwambia mtu wa Mpunguzi hajui kupogoa mzabibu.

Nikamkuta kakaa nje ya nyumba, nikamwamkia, "Mbukwenyi Mwalimu," tukasalimiana kirefu, baridi ya Ulaya, watoto, mvua, bei ya mahindi, ndio nikatoa karatasi. Nikategemea atavaa miwani. Akavua. Akasema mimi sisomi, wewe sema huo ubeti mara moja. Nikausema. Akafumba macho akaanza kuuimba, kwa ile mahadhi ya kipindi cha mashairi cha redio enzi za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, polepole, vidole vinagonga paja. Na pale mwanzo kabisa akaivuta ile m, mmm-buyu, midomo imefungwa kabisa, kidole kikagonga kabla hata b haijatoka. Kidole kimoja. Yaani hoja yangu yote ya kurasa nzima niliyokuwa nimeipanga kwenye treni ilikuwa pale kwenye kidole cha mzee. Akamaliza mishororo yote minne, akasema, "Umekaa. Nani kasema kumi na tano?"

Nikamwonyesha. Akasema huyo mtoto hana kosa, kosa la waliomfundisha shairi kwenye ubao. Zamani hukupewa shairi kabla hujasikia linaimbwa, siku hizi mtoto anamaliza chuo hajawahi kuimba hata moja, anaanza na nadharia.

Nikawa nimeshafurahi, najiandaa kuaga, mzee akasema, "Ila kaa. Na mimi nina langu."

"Babu yako nilimjua," akasema. "Hakuwahi kuhesabu ng'ombe kaegemea mti. Alikuwa anasimama mlangoni pa zizi, wanapita mmoja mmoja, anawajua kwa rangi na kwa pembe. Kuhesabu ni mambo ya wanunuzi na ya watu wa kodi. Mwenye ng'ombe hahesabu, anaona fulani hayupo. Huyu babu uliyemwandika ni mvivu, tena inaonekana ng'ombe sio wake."

Nikamwambia Mwalimu, hapo kuna vina na mizani, "Ahesabu kwa makini" imekaa vizuri, nikisema kwa rangi na pembe nitapata wapi kile kina cha "ni" cha katikati. Akasema, "Tafuta. Kwani nani alikwambia kutunga ni rahisi?" Akavaa miwani yake sasa, akaomba zile karatasi, akasema ataisoma ile sura ya nne taratibu maana kuna mahali kaona neno ukoloni.

Njiani narudi mjini kwenye bajaji nikawa nawaza, huyu mzee kwa dakika chache kasema kitu kuhusu mshororo wangu wa tatu ambacho sura tano hazikukigusa. Binti aliuona mshororo wa tatu ndio wenye habari, safi kabisa, lakini hakuuliza hiyo habari inafikaje kwa babu, kwa kidole au kwa jicho. Na mtoto wa Manyoni ng'ombe kawaona.

Mpwa wangu, ambaye hana dogo, akaitafuta namba ya binti akanipa. Nilikuwa nimemrekodi Mwalimu akiimba, nikamtumia ile voisi bila maneno mengi, nikaandika tu hesabu tena tafadhali. Ikapita siku. Akajibu kwa ustaarabu kabisa, "Shikamoo mwandishi. Nimesikiliza na mama, kweli ni 16. Ila tasnifu imeshafungwa jalada gumu, imeshapelekwa maktaba." Basi mimi ni guni la maktaba, la kudumu.

Nikamwambia hilo nimesamehe, ila lile la ng'ombe kuwa mimi silikubali, nilitunga kabla sijajua hata ubalozi wa Ujerumani uko mtaa gani. Nikadhani nimemmaliza. Akaniuliza swali moja, kwanini hilo shairi umeliweka la mwisho kwenye kitabu? Nikasema mpangilio alifanya mchapaji. Akasema, mwandishi, ulichapisha kwa hela yako, mchapaji anapangaje? Na kitabu kimetoka mwaka uleule uliosafiri, kwahiyo wakati wa kupanga kurasa pasipoti ilikuwa mkononi. Shairi ulilitunga zamani sawa, lakini kuliweka mwisho ni kitendo cha mtu anayeondoka, na mimi nimehakiki kitabu, sijahakiki daftari lako.

Mpwa wangu alikuwa anasoma begani kwangu, akacheka mpaka akakaa chini.

Nikamwambia binti ukweli wa ng'ombe mwenyewe, jike la rangi ya majivu, lilipotea kweli, likaonekana upande wa Buigiri likiwa na ng'ombe za watu wengine, kaka yangu akalifuata akalirudisha, likazaa, na mwisho likaliwa kwenye harusi ya dada. Hakuna Ulaya hapo. Akanijibu, "Kumbe alirudi? Sasa mbona hujaandika ubeti wa kurudi?" Bado sijamjibu hilo, sio kwamba sina jibu, ninalo, ila nalitafutia mizani.

Tumekubaliana jambo moja tu mpaka sasa. Diwani ya pili, nikiimaliza, atapewa aione kabla haijachapwa, kwa sharti kwamba kila ubeti utaimbwa kwanza na Mwalimu mbele yake pale Ihumwa, halafu ndio ahesabu. Binti kakubali, anakuja na mama yake. Mwalimu naye kakubali ila kasema hafungui mdomo mpaka yule babu atoke kwenye mti asimame mlangoni pa zizi, na tangu juzi nahangaika na mshororo wa tatu, kwa rangi na kwa pembe, na kile kina cha "ni" cha katikati kimegoma kabisa kukaa.